Kwa Mwandiko Wangu

6 Desemba

Dada yangu,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata yule paka wa Fundi ambaye namwambia karibu kila kitu. Ile barua iliyofika kwa Mama mwezi uliopita, ya kusema nimechoka na shule na ninataka kubaki huku dukani kwa Shangazi moja kwa moja, niliiandika mimi. Najua umeujua mwandiko. Usichokijua ni kwamba maneno hayakuwa yangu.

Shangazi haandiki. Barua zake zote huzitamka, mimi naandika. Siku ile alikaa juu ya robota la vitambaa, mikono magotini, akasema, "Andika: wifi yangu, mtoto mwenyewe ameniambia kwa kinywa chake kwamba shule imemchosha." Nikasimama hapo. Akauliza, "Mbona kalamu imenyamaza?" Nikasema, "Hapana, Shangazi." Nikaandika. Aliendelea na mimi nikaendelea, na nukta nikaziweka mahali pake kama tulivyofundishwa. Mwisho akasema, "Tia na jina lako hapo chini, mama yako afurahi." Nikatia.

Hakunishika mkono. Hakunitisha. Hicho ndicho kinachoniuma, Dada. Mtu akifungiwa ana wa kumlaumu. Mimi ufunguo niliuzungusha mwenyewe, tena kwa mwandiko mzuri.

Sasa nikueleze nilipo. Ni duka la nguo, lakini ubao wa mlangoni unasema Butiki, kwa hiyo bei nazo zimevaa viatu virefu. Mtaa ni wa zamani na mwembamba, wageni wawili wenye mifuko wakikutana lazima mmoja arudi nyuma. Kuta ni nene, ukiwa ndani husikii hata mvua. Msimu huu wa sikukuu taa zimetundikwa kutoka paa hadi paa mtaa mzima, bendi inapita asubuhi na jioni, na kila boti inayofika inamwaga watu wanaotaka kununua kitu ambacho hakipo kwao. Mimi nawatafsiria. Shangazi anasema neno moja, mimi natakiwa kulifanya kumi.

Ila kazi ninayoichukia kuliko zote ni dirisha la maonyesho. Kila asubuhi naingia mle kuwavisha masanamu, na watu wa nje wanasimama kutazama. Juzi walijaa, nikaona haya, nikaganda, mkono mmoja hewani na ukosi wa gauni mkononi. Mtoto mmoja akamwambia mama yake, "Hili sanamu lina jasho." Nilibaki hivyo hivyo mpaka wakaondoka. Ilikuwa rahisi kuliko kuwa mtu.

Uandikishaji wa mtihani unafungwa tarehe 9 Januari. Jina langu lisipokuwemo, mwaka wangu umekwenda, na najua Shangazi hataniachia mwaka mwingine. Nifanyeje?

Barua hii inakuja na Fundi, mshonaji wetu, ambaye msimu huu anavuka kwenda bara mara mbili kwa wiki kufuata vitambaa. Jibu mpe yeye. Usitumie posta, maana barua za posta mimi ndiye humsomea Shangazi kwa sauti. Na simu iko mezani kwake, chini ya kiwiko chake.

Mdogo wako,
Konokono

*

11 Desemba

Konokono,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikasirika zaidi.

Mama ana barua yako inayosema umechoka na shule. Mimi nina barua yako inayosema hujachoka. Mwandiko ni mmoja, nukta ni zile zile. Nimwamini nani kati yenu wawili?

Usinione mkatili. Mwezi wa nane ni wewe uliyenililia kwamba ukiitwa kusoma mbele ya darasa tumbo linakukata. Kwa hiyo Mama aliponiambia umeamua kukaa kwa Shangazi, nilisema kimoyomoyo, haya, kapata gamba la kuingia. Na Mama alivyofurahi! Tangu Baba afariki alikuwa akihisi ndugu wa Baba wametusahau. Sasa dada wa mumewe anamlea mwanawe na kumfundisha biashara. Ameshawatangazia majirani wote, hata yule asiyesikia.

Mimi nikienda kumwambia kwamba wifi yake amekulisha maneno, atasema nini? Atasema mimi ndiye fitina. Ushahidi wangu ni upi? Mwandiko wako?

Mwambie Shangazi mwenyewe. Ni maneno matatu tu: "Shangazi, narudi shule." Mdomo hukupewa wa kulia tu. Hata konokono hutoa kichwa nje.

Niko wodini kwa mazoezi ya uuguzi mpaka tarehe 24, wagonjwa hawajui sikukuu. Nikitoka naenda nyumbani.

Dada yako

*

14 Desemba

Wifi yangu mpenzi,

Salamu zako zimefika na furaha yako nimeiona humo ndani. Sisi huku wazima, kazi tele, mteja haishi mlangoni. Mwanao, wifi, ni lulu. Hana maneno mengi, na mimi mtoto wa maneno mengi simwezi, yangu yananitosha. Lakini akisimama pembeni yangu duka linatulia. Nimemzoea mpaka akienda msalani naona kama taa imezimwa.

Nilikwambia na narudia, usimsumbue tena na habari za shule. Mtoto ameshasema. Mtihani ni karatasi, wifi, na karatasi hata mbuzi anakula. Duka hili nani atalirithi? Mimi Mungu hakunipa wa kuzaa, lakini amenipa huyu.

Fundi anakusalimu. Anasema gauni lako la sikukuu liko tayari, ila nilimpa kipimo cha zamani, kama umenenepa kwa furaha ni shauri lako.

Wako wifi,
Shangazi wa watoto

*

15 Desemba

Dada,

Maneno yako matatu niliyabeba siku nzima kama yai mdomoni. Asubuhi nilisema, "Shangazi," akasema, "Naam, mwanangu?" kwa sauti ya upole sana, nikasema, "Sindano zimekwisha." Hazikuwa zimekwisha.

Lakini jana nimefanya ujanja. Shangazi alitamka barua ya Mama, mimi nikaandika yote kama alivyosema. Huwa haifungi mpaka Fundi aisome kwa sauti, eti anataka kusikia inavyokaa masikioni, kwa hiyo siwezi kubadili hata neno. Na Fundi usimlaumu. Barua zangu anabeba, ila kusoma kisichoandikwa, mbele ya Shangazi, hawezi. Uongo ukimpita tu mdomoni masikio yanamtetema.

Basi chini kabisa nikaongeza mistari minne kwa lugha ya shule. Nimesema: Mama, haya ya juu si maneno yangu, ninataka kurudi, tafadhali mwambie mwalimu mkuu aniandikishe.

Fundi alipofika hapo akakuna kichwa. "Hapa pana lugha ya shule, mama. Mimi shule niliishia mlangoni." Shangazi akauliza, "Umeandika nini wewe?" Nikasema, "Salamu za sikukuu, Shangazi." Akapiga makofi. "Hayo ndiyo mambo! Wifi atajua mtoto wake hajapotea."

Mama hasomi lugha ile, lakini ataipeleka kwa mwalimu, au kwa yeyote. Ataona si kawaida yangu. Sivyo? Namjua Mama, hapitiwi na kitu.

Konokono

*

22 Desemba

Wifi yangu, pamoja na mwanangu,

Barua imefika na gauni limefika, na kipimo cha zamani hakikunitosha, kama ulivyonitabiria. Nimelivaa hivyo hivyo, napumua kwa zamu.

Mwanangu, nimeiona ile mistari ya lugha ya shule uliyoniandikia chini. Machozi yalinitoka. Sikuelewa hata neno, lakini nilielewa. Nikasema, mtoto yuko mbali na bado anamtakia mama yake heri kwa lugha niliyohangaika akaipata. Nilimwita jirani, naye hasomi, tukaitazama wote wawili. Nimekikata kile kipande cha chini nikakibandika ukutani sebuleni, juu ya picha ya marehemu baba yako. Kila mgeni akija namwonyesha.

Mwalimu mkuu nilikutana naye sokoni. Ameniuliza kama nina hakika, maana orodha ya mtihani inafungwa tarehe 9. Nimemwambia asihangaike, mtoto mwenyewe ameamua, aliache jina. Amesikitika kidogo, anasema ulikuwa hodari ingawa hukuinua mkono. Nikamwambia huko aliko hahitaji kuinua mkono.

Msikilize Shangazi yako. Amekuwa baba kwako.

Mama yako

*

27 Desemba

Konokono wangu,

Nimefika nyumbani juzi. Mama hakuningoja hata nivue viatu, akanishika bega. "Njoo uone mdogo wako alichoniandikia. Wewe unajua lugha hiyo, nisomee, nimeisubiri kwa hamu."

Nilisoma moyoni kwanza. Nikakaa chini. Kiti kilikuwa mbali kidogo, nusura nikae hewani.

Nisamehe. Ile barua yangu ya kwanza niliiandika kama mtu anayemkemea mgonjwa kwa kuumwa.

Mama akasema, "Inasemaje?" Na hapa ndipo mimi, mwenye mdomo, nilipojifunza kwamba si rahisi. Sebule ilikuwa na majirani wawili, na Mama amevaa lile gauni linalombana. Nikasema, "Inakutakia heri, Mama." Maneno yakatoka yenyewe. Ndiyo, na mimi.

Jioni nilimjaribu pembeni. Nikamwambia, Mama, je, kama mtoto hakutaka kweli kukaa kule? Akanikazia macho. "Umeanza. Tangu mkiwa wadogo alikuwa hasemi, wewe ndiye unamsemea, na mara nyingi ulimsemea unachokitaka wewe. Safari hii amesema mwenyewe, kwa mkono wake. Akitaka kutangua, atangue kwa mkono wake, kwa maneno ninayoyasoma mimi."

Na ni kweli. Ulikuwa na miaka sita nikasema hupendi maandazi, ili nile yako.

Kwa hiyo kazi ni yako. Mwandikie Mama, kwa Kiswahili, jina lako chini. Fundi ailete. Na kama kuna kitu kingine kinakushika huko, niambie, kwa sababu bado sielewi kwa nini maneno matatu yanakushinda kiasi hiki.

Dada

*

31 Desemba, mchana

Dada,

Kipo kitu kingine. Niliapa nisikiseme, na sasa nakisema, kwa hiyo mimi si mwaminifu kwa yeyote.

Shangazi haoni.

Si kipofu kabisa. Kivuli anakiona, mtu akija anamjua kwa mwendo. Lakini herufi haoni, na rangi zimeanza kumkimbia. Watu wote wanadhani hakusoma, na yeye anawaacha wadhani hivyo. Aliniambia, "Afadhali waniite sikusoma kuliko waniite kipofu. Asiyesoma anauziwa kitambaa. Kipofu anauziwa kamba." Alikuwa anacheka aliposema hivyo, ila mkono wake ulikuwa juu ya wangu, wa baridi.

Kitambaa anakijua kwa vidole, hapo humdanganyi. Mengine ni mimi. Mteja akiingia nasema, "Karibu, gauni lako jekundu linapendeza," na Shangazi anajua wa kumletea nini. Huniuliza, "Hii nayo unaionaje, mwanangu?" na wateja husema, tazama anavyomfunza mtoto biashara. Hanifunzi, Dada. Anatazama kwa macho yangu.

Jana ndiyo ilikuwa siku kubwa ya msimu. Bendi mlangoni, duka limejaa mpaka watu wanajaribu kofia kwenye ngazi. Mimi nilikuwa dirishani. Mama mmoja aliomba shali ya kijani, Shangazi akampa ya buluu. Yule mama akasema, hii si kijani. Shangazi akajibu kwa fahari yake yote, "Mama, hiyo ni kijani ya huku kwetu." Watu wakacheka, wakadhani mzaha. Lakini mwenye duka la ng'ambo ya mtaa, mshindani wetu, alikuwa amesimama mlangoni, hakucheka. Alikuwa anamtazama Shangazi machoni, kama mtu anayepima nguo.

Nikaruka kutoka dirishani, mimi, mbele ya wote, nikasema kwa lugha mbili kwamba kijani ziko juu na nitaleta. Sauti yangu ilipasuka kama sahani. Duka zima likanigeukia. Nilidhani nitakufa, sikufa.

Tulipofunga mlango kwa chakula cha mchana Shangazi alinishika kifundo cha mkono, hakuachia. Akasema, "Umeona? Bila wewe wangenila mzima. Usiniache, mwanangu." Sasa nimwambieje maneno yako matatu?

Leo nimejificha ghala la juu kuandika. Hakuna dirisha, kuna robota tu na harufu ya rangi ya vitambaa. Nasikia ngoma za bendi kupitia sakafuni. Wote huko nje wanahesabu saa za mwaka mpya, na mimi nahesabu siku tisa.

Konokono

*

3 Januari

Mdogo wangu,

Kwanza, uliruka kutoka dirishani. Nimesoma hapo mara tatu.

Pili, nimekaa na daktari wa wodi yetu, sikumtaja mtu. Yaweza kuwa mtoto wa jicho, na huo ni utando unaotolewa, mtu anaona tena. Au yaweza kuwa kitu kingine kisichongoja. Sijui, wala yeye hajui bila kumwona. Ila mficha uchi hazai. Unadhani unamsitiri Shangazi, kumbe kila siku unayomwazima macho yako, yake anazidi kuyasahau.

Kumhurumia ni kitu kimoja. Kumfichia ni kingine. Ulimfichia kwa mapenzi, lakini ukiendelea mtafungwa wote wawili humo ndani, yeye hakuoni, na wewe huonekani.

Mimi sitamwambia Mama kitu. Nilikusemea vya kutosha. Fundi anaondoka huko tarehe 7 asubuhi. Nitakuwa gatini kumpokea.

Dada

*

6 Januari, mchana

Mama yangu,

Hii ni barua yangu ya kwanza kwako tangu nije huku. Zile nyingine zilikuwa za Shangazi, hata ile iliyotiwa jina langu. Nilishika kalamu tu. Lakini kuishika niliishika, kwa hiyo kosa ni langu pia, naomba unisamehe.

Sijachoka na shule. Naiogopa. Nikiitwa mbele ya darasa tumbo linanikata, na nikisikia hodi natamani kuwa kiti. Kuogopa si kuchoka, Mama. Ninataka kufanya mtihani. Tafadhali nenda kwa mwalimu mkuu kesho au keshokutwa, kabla ya tarehe 9, umwambie aandike jina langu. Kile kipande ulichokibandika ukutani kinasema hivyo hivyo. Mwambie Dada akusomee tena, safari hii kama kilivyo. Usimkasirikie.

Shangazi usimkasirikie pia. Hakuniiba. Ananipenda, na ananihitaji, na hayo mawili yamemchanganyikia. Ana jambo lake ambalo si langu kulisema humu. Nimemwachia mistari mitano hapa chini. Akitaka kutamka, nitaandika neno kwa neno, kama kawaida. Asipotaka, utaiona mitupu, na utajua kwamba nilimpa nafasi.

Sijatia jina bado. Nitalitia akishasikia yote.

Duka limefungwa kwa chakula. Niko ghala la juu, na Fundi yuko chini anafunga mizigo yake ya kesho. Shangazi ameniita mara mbili, sikuitika, sasa anapanda. Namjua kwa ngazi, anagusa ukuta kila hatua mbili. Siku nyingine zote, akifika hapo kwenye ngazi mbovu inayolia, karatasi huwa imeshaingia chini ya robota na mimi nimeshika nguo yoyote.

Imelia.

Mkono wangu umeanza kuivuta karatasi wenyewe, kwa mazoea. Nimeurudisha. Nimeilaza katikati ya meza, na mwanga wote wa taa juu yake, ingawa kwake haitakuwa chochote ila weupe. Ataniuliza naandika nini na yeye hajanitamkia. Nitamwambia akae pale juu ya robota, halafu nitamsomea, tangu hapo juu kabisa, kwa sauti, hata kama itapasuka.

Amefika mlangoni. Anatafuta kitasa.